Motokari ya Esansi na Umeme: Masizi Yasiyoonekana

Asubuhi na mapema, umande ungali juu ya vioo, baba wa jamaa aingia katika motokari yake kuwapeleka watoto shuleni. Abonyeza kitufe, taa zawaka, na gari latoka uani kimya kabisa, kwani kwa hatua za kwanza umeme ndio unaolisukuma. Punde kidogo injini ya esansi yajiwasha yenyewe. Ndipo gari zima linapotetemeka kama mtu aliyeshikwa na homa ya baridi, na vyuma vyagongana huko mbele. Watoto wacheka. Baada ya nusu dakika mtetemo wakoma, safari yaendelea vizuri, na jioni hakuna anayelikumbuka jambo lile.

Kesho yake mtetemo warudi. Juma lifuatalo mama ndiye anayeona kwamba maji ya kupozea injini yamepungua katika chupa yake, wala hakuna tone lililoanguka chini. Waongeza maji, wanyamaza. Mwisho wa habari ni siku ile fundi anapofuta mikono yake kwa kitambaa na kusema: "Injini hii imekwisha kufa, Bwana. Itakubidi kutafuta nyingine."

Wasomaji wapenzi, motokari zenye injini ya esansi na mota za umeme pamoja huitwa haibridi. Ile ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ni Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa huko Japani mwezi wa Desemba 1997. Leo si mali ya matajiri tu. Zile zilizokwisha kutumika Japani hupakiwa katika meli, hushushwa Mombasa na Dar es Salaam, na kutoka bandarini hupanda kuja bara. Mtu anayenunua gari la namna hiyo kwa akiba ya miaka mingi hununua pia masizi ya miaka mingi aliyoyaacha mwenye gari wa kwanza. Habari ya masizi hayo ndiyo twataka kuieleza leo: yanatoka wapi, yanaharibu nini, na jinsi ya kuyaondoa kabla hayajala akiba ya nyumba.

Tutasema hasa juu ya Prius ya kizazi cha tatu, iliyoanza 2009 ikaendelea hata 2015. Injini yake (mafundi wetu wa Kongo huiita moteri) ni ya sentimeta za ujazo 1,798, na jina lake la kiwanda ni 2ZR-FXE. Injini hiyo hiyo imo katika Lexus CT 200h na katika Toyota Auris ya haibridi. Prius ya kizazi cha pili, iliyotoka 2003, haikuwa na kifaa tunachotaka kukieleza; mwenye gari hilo la kale aweza kusoma kwa kujifurahisha tu.

Injini inayovuta moshi wake

Kila mpishi ajua kwamba moto wahitaji hewa safi. Mbona basi wahandisi waliamua kuurudisha moshi ndani ya injini?

Sababu ya kwanza ni joto. Ndani ya silinda moto huwa mkali mno, hata naitrojeni na oksijeni zilizomo hewani huungana na kuwa hewa yenye sumu, iumizayo mapafu ya watu wa mijini. Moshi uliokwisha kuungua hauungui tena. Ukichanganywa kidogo na hewa mpya, hunywa sehemu ya joto lile, na moto hupoa.

Sababu ya pili ni kubana matumizi ya esansi. Injini inapofanya kazi nyepesi, mlango wake wa hewa hufungwa nusu, nayo hulazimika kuvuta pumzi kwa shida. Anayejua kunywa kwa mrija mwembamba anafahamu taabu hiyo. Lakini nafasi ikijazwa kidogo na moshi uliopozwa, mlango waweza kufunguliwa zaidi, na injini huvuta pumzi bila kupoteza nguvu. Injini hii hubana hewa yake mara 13, kiasi kikubwa kwa injini ya esansi. Moshi uliopozwa huisaidia kufanya hivyo bila kuungua ovyo.

Basi tazameni njia ya moshi huo. Sehemu yake hutoka katika bomba la moshi, ikaingia katika kipozeo, yaani kisanduku kidogo cha chuma chenye vijia vyembamba ndani, ambacho maji ya injini hukizunguka. Kutoka hapo hupita katika vali, ambayo kompyuta ya gari huifungua na kuifunga kwa kadiri inavyotakiwa. Kisha hufuata bomba jingine hata kufika katika mkono wa hewa, yaani kile chombo cha plastiki kinachogawa hewa kwa silinda zote nne. Humo mna vitundu vinne vidogo vya moshi, kila silinda na kitundu chake.

Mkulima wa bustani atafahamu mara moja. Maji ya mfereji mmoja yamegawanywa kwa matuta manne. Tope likiziba mfereji wa tuta la kwanza, tuta hilo litakauka, na maji yaliyokuwa yake yatafurika katika matuta mengine. Ndivyo ilivyo hapa: silinda iliyozibiwa kitundu chake huungua kwa joto kupita kiasi, na zile nyingine hupewa moshi mwingi kuliko haki yake.

Tope lenyewe ni masizi. Si yale makavu ya sufuria, yanayotoka kwa mchanga na maji. Hapa moshi wapozwa, nao ukipoa hutoa unyevu. Unyevu washika masizi. Tena kuna mvuke wa oili utokao tumboni mwa injini na kurudishwa katika njia ya hewa. Vitu hivyo vitatu vikichanganyika huwa kama lami. Na haibridi ina tabia inayozidisha mambo: injini yake huwaka na kuzimika mara nyingi, na katika safari fupi za mjini hukaa ikiwa vuguvugu tu. Gari liendalo sokoni na kurudi, kilometa tatu kwa siku, huziba upesi kuliko lile lisafirilo mbali.

Hasara ilipo

Kipozeo kikiziba na vitundu vikijaa, joto la silinda hupanda na injini huanza kugonga. Joto na mishindo hiyo huitesa gasketi ya kichwa, ile karatasi ya chuma iliyobanwa kati ya kichwa cha injini na mwili wake. Mafundi wengi waliofungua injini hizi wanasimulia kwamba wameona mambo mawili pamoja: kipozeo kilichoziba na gasketi iliyotoboka. Sisemi kwamba kila gasketi iliyoharibika imeuawa na masizi. Uzee huiharibu, kukosa maji huiharibu, na kuendesha gari lililochemka huiharibu kuliko vyote. Lakini masizi ni adui ambaye mtu aweza kumwondoa kwa mikono yake, na hiyo ndiyo sababu ya kumshughulikia.

Gasketi ikitoboka kidogo, usiku maji ya kupozea hupenya polepole na kuingia katika silinda. Asubuhi injini yataka kuzunguka, na pistoni yakuta maji juu yake. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Katika motokari ya kawaida, starta ni ndogo, na mara nyingi hukwama ikikutana na maji hayo. Katika haibridi hakuna starta ndogo. Injini huzungushwa na mota kubwa ya umeme, yenye nguvu na isiyojua huruma. Ndipo mkono wa pistoni huweza kupinda. Mtetemo ule uliowachekesha watoto ndio sauti ya silinda yenye maji.

Kwa hiyo sikilizeni neno hili, kwani wengi hupoteza fedha kwa kutolijua: kusafisha ni kinga, si dawa. Gari ambalo limekwisha kuanza kutetemeka asubuhi na kupoteza maji halitapona kwa kuoshwa kipozeo. Kwanza lipimwe. Fundi mwenye vyombo hutia shinikizo katika maji ya kupozea, akaliacha gari usiku kucha, na asubuhi hutazama kama shinikizo limeshuka. Kisha hutoa plagi na kuingiza kamera ndogo ya waya. Akiona pistoni tatu nyeusi na moja inayong'aa kama sahani iliyooshwa, ajua kwamba maji yamekuwa yakiingia humo yakageuka mvuke na kuisugua. Pistoni safi kuliko wenzake si habari njema.

Na gari lisilo na dalili hizo? Hilo ndilo la kusafishwa, na kusafishwa mapema. Wenye magari haya wengi, na mafundi wao, huchukua kilometa 80,000 kuwa kadiri ya kufanya kazi hiyo. Gari lililonunuliwa likiwa kuukuu, ambalo historia yake haijulikani, lisafishwe mara moja, kwa maana hakuna ajuaye lina masizi ya miaka mingapi. Pengine kompyuta yenyewe hutoa ilani: taa ya injini huwaka, na chombo cha kusomea husema P0401, maana yake moshi unaorudi hautoshi. Lakini usiingoje taa hiyo. Kipozeo huweza kuziba sana kabla haijawaka.

Kazi yenyewe

Kazi hii huchukua siku moja kwa fundi mwenye mazoea, na siku mbili kwa mtu anayejifunza. Haihitaji mitambo mikubwa. Inahitaji subira, spana nzuri na gasketi ndogo mpya za kila mahali patakapofunguliwa.

Jambo la kwanza ni usalama wa roho. Betri kubwa ya Prius hii ina volti 201.6, na kifaa chake cha kubadili umeme hupandisha nguvu hiyo hata volti 650. Umeme huo huua. Nyaya zake zimefunikwa kwa rangi ya machungwa ili kila mtu azijue. Usizikate, usizifungue, usiziegemee kwa spana. Kazi yetu haigusi nyaya hizo, ila hufanyika karibu nazo.

Tena kumbuka kwamba injini hii hujiwasha. Gari likiwa limeachwa tayari kwa safari, hata kama limenyamaza, injini yaweza kuzunguka wakati wowote, vidole vyako vikiwamo. Basi lizime, peleka ufunguo mbali ndani ya nyumba, usiuache mfukoni. Kisha fungua waya wa betri ndogo ya volti 12, iliyoko nyuma upande wa kulia. Hapa pana mtego mdogo: mlango wa nyuma hufunguliwa kwa umeme wa betri hiyo hiyo. Ukiufunga baada ya kuondoa waya, utabaki ukizunguka gari lako kama mwizi. Weka kitambaa kinene kwenye komeo, usifungike.

Ngoja injini ipoe kabisa, ikiwezekana usiku mzima. Kipozeo kiko nyuma ya injini, karibu na ukuta unaoitenga na chumba cha abiria. Ndiyo maana huna budi kuondoa kwanza vifuta-mvua na lile beseni lililo chini ya kioo. Punguza maji ya injini, uyakinge katika chombo safi. Kisha legeza mipira miwili ya maji, fungua mabomba ya moshi, na utoe kipozeo pamoja na vali yake. Panga misumari na nati kwa utaratibu juu ya gazeti kuukuu, kwa jinsi zilivyotoka. Nimemwona fundi hodari akitafuta nati moja saa nzima kwa kudharau jambo hili.

Tenganisha vali na kipozeo. Ndipo utakapoona masizi kwa macho yako: vijia vyembamba vya kipozeo vimejaa weusi, pengine hata maji hayapiti. Kipozeo hicho ni cha chuma kisichoshika kutu, kwa hiyo hustahimili sabuni kali ya kuondoa mafuta. Kijaze sabuni hiyo pamoja na maji ya moto, kiache saa nyingi, kimwage, kisha ukijaze tena. Mara ya kwanza yatatoka maji meusi kama wino. Mara ya tano bado yatakuwa ya kijivu. Usichoke. Wala usichokoe ndani kwa waya, kwani kuta za vijia ni nyembamba, na ukizitoboa, maji ya kupozea yataingia katika njia ya moshi, nawe utakuwa umejiletea ugonjwa ule ule uliokuwa ukiukimbia. Mwishoni mimina maji safi upande mmoja: yakipita kwa wingi bila kusita, kazi imekubali. Yakitoka kwa matone, rudia, au nunua kipozeo kingine.

Vaa glavu na miwani. Sabuni kali ikirukia jicho la mtoto aliyekuja kutazama kazi ya baba yake, hakuna injini itakayolipa hasara hiyo. Na yale maji meusi yasimwagwe karibu na kisima wala bustani ya mboga.

Vali isichovywe. Mwili wake ni wa alumini, na sabuni zenye kostiki soda huila alumini. Kichwa chake kina nyuzi za umeme zisizopenda maji. Isafishe kwa burashi laini na dawa ya kusafishia kabureta, ukiielekeza chini ili uchafu uanguke nje.

Kisha njoo mbele ya injini uutoe mkono wa hewa. Hapa ndipo wavivu hukomea, wakisema kwamba kipozeo chatosha. La! Kipozeo kikiwa safi na kitundu kimoja kati ya vinne kimeziba, umefungulia mfereji mkubwa maji yasiyofika katika tuta lililokauka. Safisha kila kitundu kwa burashi nyembamba mpaka uone mwanga upande wa pili. Ni plastiki, usitumie moto kama mafundi wa zamani waliokuwa wakichoma masizi ya mabomba ya chuma. Kiache kikauke kabisa kabla ya kukirudisha.

Waganga wa njia ya mkato

Watakuja watu na chupa. Mmoja atauza dawa ya kupuliza katika njia ya hewa, akidai kwamba itasafisha yote bila kufungua msumari hata mmoja. Dawa hiyo haifiki katika kipozeo, maana huingia baada yake, nayo huvutwa moja kwa moja ndani ya silinda. Mwingine atauza unga wa kuziba gasketi iliyotoboka. Unga huo haujui kutofautisha tundu baya na vijia vyembamba vya maji katika rejeta na katika kipozeo; vyote kwake ni matundu. Wa tatu ni hatari zaidi kwa sababu huonekana mwenye akili: atashauri kuweka kipande cha bati ili moshi usirudi tena kabisa. Kompyuta itagundua, taa itawaka, na injini iliyopangwa tangu mwanzo kupozwa kwa moshi itakosa kile ilichopangiwa.

Kuna na fundi mwema aliyezoea magari ya kale, ambaye atajaza maji ya bomba. Maji ya Prius ni ya rangi ya waridi, yana dawa ya kuzuia kutu, na kitabu cha gari chasema yabadilishwe mara ya kwanza kwenye kilometa 160,000, halafu kila kilometa 80,000. Jueni pia kwamba gari hili lina njia mbili za maji zisizochanganyika, moja ya injini na moja ya vifaa vya umeme, kila moja na chupa yake. Mama aliyeona maji yakipungua na aulize kwanza: ni chupa ipi?

Kurudisha vyombo ni kinyume cha kuvitoa, ila gasketi ziwe mpya na nati zikazwe kwa spana ya kupima nguvu, si kwa hasira. Jaza maji polepole na utoe hewa yote iliyobaki katika mipira, kwani pampu ya maji hapa ni ya umeme, nayo hewa ikiingia haisukumi kitu. Hewa iliyosahauliwa humo imepasua vichwa vya injini vilivyokuwa vizima. Unganisha betri ndogo, washa, na uache injini ipate moto huku ukitazama kila mahali ulipofungua. Siku ya kwanza mngurumo waweza kuwa si wa kawaida kidogo, maana kompyuta yajifunza upya. Hilo lisikutie hofu.

Andika katika daftari tarehe na idadi ya kilometa, kisha chora alama ya kalamu juu ya chupa ya maji pale yalipofikia injini ikiwa baridi. Kwa majuma mawili ya kwanza itazame alama hiyo kila asubuhi kabla ya kuwasha. Kamwe usifungue kifuniko injini ikiwa na moto. Maji yakibaki penye alama, usifungue tena kitu chochote. Yakishuka, usinunue sabuni nyingine. Mwite fundi mwenye kipimo cha shinikizo siku hiyo hiyo, na watoto waende shuleni kwa miguu.